Dhahabu Aliyoing'ata Mkwe

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, ng'ombe wa baba walikufa wote na shule nikaiachia darasa la pili. Tangu hapo nimelala na njaa, nimelala shimoni, nimelala stendi chini ya lori. Nilikuwa maskini, lakini sikuwahi kuona aibu.

Leo, saa tano asubuhi, nikiwa na nyumba yangu, mashine yangu na gari yangu, nimepata aibu ya miaka yote hiyo kwa mkupuo mmoja.

Nawaandikia mwenyewe humu kwenye kundi kabla video haijawafikia. (Kama imeshakufikia usiifungue, soma hapa kwanza. Wewe Maganga wa Msowero nakujua, umeshaifungua.)

Leo ilikuwa siku ya wakwe. Kijana wangu Shija, yule anayesimamia nyumba yangu ya wageni hapa Mikumi, anataka kumwoa Neema, bibi shamba wa kule Magole. Binti mzuri. Akinisalimia anapiga goti hata kwenye tope. Tatizo ni mama yake. Anaitwa Mwalimu Eunike, mstaafu, mtu wa milimani, kanisani anakaa benchi la mbele na nasikia mchungaji akikosea mstari yeye anakohoa. Mwezi uliopita mshenga wetu alirudi kutoka kwake na ujumbe mfupi.

"Kijana hana tatizo," Mwalimu alisema. "Ila baba yake ana maneno mengi, na sijajua yapi ni ya kweli. Nitakwenda nimwone mwenyewe, ndipo nitoe jibu."

Mimi! Maneno mengi!

Mke wangu, Mama Shija, aliposikia alikwenda jikoni akacheka huko huko.

Basi nikapanga. Nikasema huyu Mwalimu ana shule yake ya vitabu na mimi nina shule yangu. Shule yangu ni mto. Kabla sijawa na chochote nilikuwa muosha dhahabu kule kanda ya ziwa, miaka kumi na mbili nimeinama majini na karai mkononi mpaka kucha za miguu zikawa laini kama mkate. Na hapa kwetu, juu ya Kisanga, kuna korongo ambalo mto unashuka kutoka mlimani, maji meupe, mawe kama nyumba. Mchanga wake una vumbi la dhahabu. Vumbi tu, msije na masepetu yenu! Hakuna mgodi pale. Wageni wangu wakishawaona tembo na twiga huko hifadhini, siku ya pili nawapeleka korongoni wanaosha mchanga, wanapata vipunje viwili vya kuonekana kwa miwani, wanapiga picha, wanavirudisha majini, wanarudi kula kuku. Ni mchezo. Ila mchezo huo unaonyesha nani anajua na nani anabahatisha.

Nikamwambia Shija, "Wakwe nao nawapeleka korongoni."

"Baba, kwa nini tusikae tu sebuleni?"

"Sebuleni kila mtu ni mwalimu," nikamjibu. "Mtoni mwalimu ni mimi."

(Haya maneno yawekeni akilini. Mimi mwenyewe nayakumbuka yalivyonitoka.)

Walifika saa mbili. Mwalimu Eunike, kitambaa kichwani, viatu vya raba, mkoba kwapani. Neema. Na kaka yake Mwalimu, Mjomba Stefano, mzee mpole ambaye tangu anunuliwe simu kubwa anapiga picha hata chupa ya chai. Kwa umri Mwalimu amenizidi miezi minane, nilishauliza mapema. Kwa hiyo shikamoo nikatoa mimi.

"Marahaba, mkwe," akajibu, akanitazama kama anatafuta kosa la tahajia usoni kwangu.

Sasa hapa nieleze jambo moja, kwa sababu vijana wa siku hizi mnasalimiana na wakwe kwa kugonga mikono. Mimi nimelelewa na mama wa Kisukuma. Kwa mama yangu, mkwe ni mkwe. Humpi kitu mkono kwa mkono, unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakiokota. Humsogelei. Humkodolei macho. Na mdomo wako asiuone wazi, iwe unakula au unapiga miayo. Hata Mwalimu mwenyewe, pamoja na shule yake yote, kwao milimani walimfundisha karibu hayo hayo. Chai ya asubuhi nilinywea uani, yeye akanywea sebuleni. Kila mtu aliridhika.

Tukapanda pikapu yangu. Mwalimu akakaa mbele na Shija, mimi nyuma na Mama Shija, Neema, Mjomba na makarai. Kioo cha dereva kilikuwa wazi, kwa hiyo somo nikalitoa kwa sauti kutoka nyuma.

"Mkwe! Unanisikia?"

"Nakusikia. Hata tembo wanakusikia."

"Dhahabu ya kweli ni laini! Ukiing'ata inabonyea kidogo! Ya uongo haibonyei, inakuvunja jino!"

"Kwa hiyo wachimbaji huing'ata?"

"Tunaing'ata! Hata hili jino langu, mkwe, ni dhahabu yangu ya kwanza, niliing'ata kabla haijawa jino!"

Ndiyo. Jino. Mnalifahamu wote. La juu, kushoto, karibu na mbele. Dhahabu yangu ya kwanza kubwa sikuiuza. Nilimpelekea fundi wa meno Mwanza, nikamwambia nivalishe hapa, kwa sababu chumba nilichopanga kilikuwa hakina kitasa. Zaidi ya miaka thelathini benki yangu iko mdomoni. Nikicheka nalipa. Nikinyamaza naweka akiba.

(Mwalimu hakuligeukia. Adabu. Lakini alisikia.)

Tulipofika korongoni, jua lilikuwa limeshaingia kati ya mawe, maji yanakimbia, pazuri mno. Hata Mwalimu alisimama kidogo akavuta hewa, akasema, "Mungu anajua kupanga." Nikaona mambo yanaanza vizuri.

Pale mwisho wa barabara kuna mama anauza miwa. Nikanunua wa kwangu. Mama Shija akanishika shati.

"Baba Shija, acha muwa. Una meno ya ujana?"

"Haya meno yametafuna mahindi makavu ya msaada," nikamwambia. "Muwa ni nini?"

"Na miwani yako?"

"Iko garini." (Mzee akivaa miwani mbele ya wakwe anaonekana mgonjwa. Ndivyo nilivyoamini mpaka saa tano kasoro.)

Nikapanga kazi. Neema na Shija karai lao kule chini, wakinyunyiziana maji kama watoto. Mjomba Stefano juu ya jiwe na simu yake. Mama Shija kivulini. Mwalimu Eunike nikamwekea kigoda palipo na maji ya kifundoni, na karai jipya, lile la wageni wa heshima.

Na mimi? Kwa adabu zote, siwezi kumsogelea nikamshika mkono nikamfundisha kutikisa, kama ninavyofanya kwa wageni. Kwa hiyo nikafanya hivi. Nachimba mchanga nyuma ya jiwe kubwa, ambako uzito huwa unajificha. Najaza ndoo. Naibeba, naiweka juu ya jiwe bapa karibu naye. Nageuka. Natembea hatua saba. Namgeuzia mgongo. Ndipo napaza sauti:

"Chukua, mkwe!"

Anachukua, anamimina kwenye karai, anaosha. Mimi mgongo kwake, napiga kelele za maelekezo nikitazama mlima.

"Zungusha! Usipige kama unakanda unga! Zungusha!"

"Nazungusha."

"Inamisha karai kidogo, maji yachukue chepesi, zito libaki!"

"Umejuaje nimelishika wima na umenipa mgongo?"

"Nasikia mlio!"

Kweli nilikuwa nasikia mlio. Hilo msinicheke, hilo ni ujuzi.

Ndoo ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, mchanga mweusi tu. Ya tatu, hakuna kitu. Nikaanza kusikia kimya cha Mwalimu. Mnakijua kile kimya cha mtu anayesubiri darasa lijibu?

"Mkwe," akasema, "hii dhahabu ya huku, kuna mtu mwingine aliyewahi kuiona?"

Ikanichoma. Nikaingia nyuma ya lile jiwe kwa hasira, magoti kwenye maji, nachimba kwa sepetu, muwa mdomoni. Nachimba natafuna, natafuna nachimba. Uso umeinamia ndoo. Palikuwa na fundo kwenye ule muwa, fundo baya. Nikalivuta kwa jino la pembeni. Likakatika: ka! Nikafurahi. Nikasema moyoni, ona mzee mwenye nguvu. Makapi nikayatema pembeni, mengine nikabaki nayo shavuni.

Nikahisi ubaridi mdomoni. Nikasema upepo wa mlima huo.

Ndoo ya nne nikaiweka juu ya jiwe bapa. Nikageuka. Hatua saba. Mgongo.

"Chukua, mkwe! Hii ina uzito, nimeisikia mkononi!"

(Ilikuwa na uzito. Hapo sikusema uongo.)

Nikasikia karai linazunguka. Maji. Kimya. Maji tena. Halafu Mwalimu Eunike, mwanamke ambaye sidhani kama amewahi kupaza sauti tangu astaafu, akapiga ukelele mpaka nyani wakahama mti.

"Dhahabu! Stefano! Dhahabu! Kubwa!"

Nikageuka nusu. Nikamwona amesimama, sketi imelowa mpaka magotini, ameinua kitu kati ya vidole viwili, kinawaka juani. Kikubwa kama punje ya hindi! Kwenye mto wetu wa vumbi! Miaka yote ninayoleta wageni pale, sijaona kitu hata nusu yake.

Shija na Neema wakaja mbio. Mjomba Stefano akashuka kwenye jiwe na simu mbele, anarekodi. Mama Shija vigelegele.

Na mimi je? Mimi nikatembea polepole. Mtu anayejua hakimbilii dhahabu. Mwalimu, kwa heshima, akaiweka juu ya jiwe bapa, akarudi nyuma hatua zake. Nikasogea. Nikainama. Miwani iko garini. Naona rangi ya njano, naona inang'aa. Nikasema kwa sauti ya kutosha simu ya Mjomba:

"Hii ni dhahabu safi. Naithibitisha mimi. Dhahabu ya namna hii naijua kama ninavyojijua."

Jamani.

Nikarudi nyuma. Mwalimu akaiokota tena. Kumbe mkobani ana miwani yake, akaivaa. (Mzee wa miaka yangu, na miwani, na hakuonekana mgonjwa hata kidogo.) Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mkwe, mbona ina shimo? Ndani ni tupu, kama kikombe."

Mtu mwenye akili angesema, sijui. Neno dogo. Lakini pale mbele ya mwalimu, mbele ya simu, mwanangu ananitazama, lile neno likagoma. Nikasema:

"Hiyo inaitwa dhahabu ya kofia. Ni adimu. Maji ya korongo yanaizungusha juu ya kijiwe miaka na miaka mpaka inajikunja. Niliwahi kuiona mara moja tu ujanani."

"Na huu weupe ulioganda ndani?"

"Chokaa ya mlima."

"Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita. Hilo sijawahi kulifundisha."

"Haliko vitabuni, mkwe," nikasema, na kidole nikanyoosha. "Liko mtoni."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelimika. Halafu akasema, "Ulitufundisha namna ya kuijaribu."

Na kabla sijaelewa, Mwalimu Eunike akaitia mdomoni. Akaing'ata. Kwa magego. Akaitafuna kidogo, akaitoa, akaitazama.

"Imebonyea! Kweli ni laini!"

Vigelegele tena! Neema anaruka! Mjomba Stefano anasema, "Rudia, dada, sikuchukua vizuri." Na Mwalimu akarudia!

Mimi nikatabasamu. Tabasamu pana, la mshindi. Na nikifurahi ulimi wangu una tabia yake, huwa unakwenda pale kushoto juu kulisalimia jino. Miaka yote unakwenda, unakuta mlango umefungwa.

Leo ulikuta mlango wazi. Ukapita moja kwa moja, ukatoka nje.

Ndugu zangu, nilifumba mdomo kama mtu aliyemeza nyuki. Nikaupeleka ulimi tena, polepole, kuhakikisha. Kisiki. Kisiki kitupu! Na ubaridi ule ule wa mlima. Nikakitazama kile kitu cha njano mkononi kwa Mwalimu. Miaka zaidi ya thelathini nimeliona jino langu kwa mbele, kwenye kioo. Nani kati yenu amewahi kuona jino lake kwa nyuma?

Mkwe. Kaling'ata mkwe. Mtu nisiyeruhusiwa hata kupiga miayo mbele yake, ametafuna kitu kilichotoka mdomoni mwangu dakika kumi zilizopita, kikiwa bado kina utamu wa muwa. Mara mbili!

Nikaweka kiganja mdomoni. Nikasema kupitia vidole:

"Mkwe, sisi wachimbaji dhahabu ya kwanza tunairudisha mtoni. Irushe. Irushe mbali."

"Asubuhi ulisema dhahabu ya kwanza uliifanya jino."

(Walimu wana kumbukumbu mbaya sana.)

Mama Shija akasogea, macho madogo. "Baba Shija, mbona unaongea na kiganja?"

"Jino linauma."

"Lipi?"

Nikakikaza kiganja. Akanitazama, akatazama mkono wa Mwalimu, akanitazama tena. Nikaona limemwingia. Mwanamke niliyeishi naye miaka thelathini na tano. Angeweza kusema pale pale. Badala yake alikunja mikono akasubiri, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kama angesema.

Mwalimu Eunike wakati huo ametoa leso mkobani. Akalifunga lile jino humo, mafundo mawili, akaitia leso kifuani. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisimama wima majini, akanisemesha kwa sauti ya ukumbini.

"Baba Shija. Nilikuja hapa na shaka. Nilijua wewe ni mzee wa kutia chumvi, na mtu wa namna hiyo sikutaka binti yangu aingie nyumbani kwake. Leo umesema kuna dhahabu, nimeitoa kwa mikono yangu. Umesema ni laini, nimeing'ata. Nimekosea juu yako. Naomba radhi mbele ya kaka yangu. Jumapili nitaipeleka kanisani, nisimame mbele, nieleze imetoka wapi na nani aliithibitisha. Na kuhusu vijana hawa, jibu langu ni..."

"Subiri!" nikasema.

Sijui aliyesema ni nani. Ni mimi. Lakini nilishangaa kama ninyi.

Fikirini. Ningenyamaza sekunde tatu tu, harusi ilikuwa imepita. Jumatatu ningekwenda Morogoro nikavalishwa jino jingine, hakuna anayejua. Lakini nikamwona Shija. Alikuwa amemshika Neema mkono, anatabasamu, ananitazama kwa fahari kama alivyokuwa akinitazama akiwa na miaka sita, nikimbeba begani kwenda kuona mashine mpya. Nikasema, huyu mtoto ndoa yake isimame juu ya jino langu lililochomoka? Na baba yake aombwe radhi kwa uongo?

Nikatoa mkono mdomoni. Nikafungua mdomo wote, mbele ya mkwe, mbele ya simu, mama yangu anisamehe huko aliko.

"Mkwe, hakuna dhahabu ya kofia. Hilo neno nimelitunga pale pale. Hiyo uliyofunga kwenye leso ni jino langu."

Shija akasema, "Baba...?"

Mjomba Stefano akasogeza simu karibu na pengo.

Mwalimu Eunike akatoa leso kifuani. Akafungua fundo la kwanza. La pili. Akatazama ndani ya lile shimo, akaona ule weupe. Akanitazama mimi. Akalitazama tena.

"Chokaa ya mlima," akasema.

"Ndiyo, mkwe. Saruji ya fundi wa Mwanza."

"Haliko vitabuni."

"Halipo."

"Liko mtoni."

"Lilikuwa mdomoni, mkwe."

Akainama, akachota maji kwa kiganja, akasukutua. Akasukutua mara ya pili. Akasukutua mara ya tatu, ndefu, anaangalia mlima. Akatema. Nikajua basi, wanapanda gari wanaondoka, na mwanangu atanizika huku hajaoa.

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Mama mzima akakaa chini kwenye maji, na sketi yake na kitambaa chake, akacheka mpaka akapiga maji kwa viganja. Neema akasema, "Mama! Mama!" naye akacheka. Mama Shija alishaanza zamani, ameegemea mwamba, machozi yanamtoka. Nyani waliorudi wakakimbia tena.

Alipopata pumzi akasema, "Stefano, umerekodi?"

"Yote, dada. Kuanzia ulivyoing'ata."

"Usiifute."

Akainuka, maji yanamchuruzika. Akajikaza sura ya darasani.

"Mzee huyu nimemsikiliza tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa nangoja jambo moja tu: atasema lini kwamba amekosea? Nilishakata tamaa. Dhahabu yako, mkwe, mimi sikuja kuitafuta. Jibu langu ni ndiyo. Wapange siku."

Shija alimrukia Neema, wakaanguka majini wote wawili.

"Ila," akasema Mwalimu, kidole juu, "aibu ya namna hii kwa mkwe ina faini. Mbuzi. Dume, mnono. Na asiwe wa maneno."

"Mbuzi wawili," nikasema.

"Umeanza tena," akasema Mama Shija.

"Mmoja," nikasema.

Na jino? Hapo ndipo nilipojua nimepata mkwe. Mwalimu Eunike alilisuuza vizuri. Akaliweka juu ya lile jiwe bapa. Akageuka. Akatembea hatua saba. Akanipa mgongo, akatazama mlima, akapaza sauti:

"Chukua, mkwe!"

Nikachukua.

Sasa ni jioni, nimekaa barazani, nakunywa uji. Mjomba Stefano alisema video ataitunza kama kumbukumbu ya familia. Kabla pikapu haijafika lami ilikuwa imeshafika Magole, na Shija anasema kuna mtu ameiwekea muziki.

Mliokuwa mnaniuliza humu kila siku mzee una nini, leo nawaorodheshea bila chumvi. Nyumba ya wageni ya vyumba tisa, kimoja bomba lake linavuja. Mashine ya kukoboa mpunga. Pikapu, inawaka kwa kusukumwa. Ng'ombe thelathini na mmoja. Mbuzi kumi na wanne, kuanzia kesho kumi na watatu. Mke mmoja, bado anacheka. Miwani, iko usoni. Jino moja la dhahabu lenye alama za meno ya mwalimu wa jiografia, liko kwenye kikombe kabatini.

Harusini mnakaribishwa wote. Atakayetaka kucheka acheke, ila amefumba mdomo, kama mimi.